Mwana wa Mfalme Atokaye Mbali: Mbidi Kiluwe na Theseus kati ya Historia na Tamthilia

Masimulizi ya chimbuko la utawala wa Waluba, watu wa eneo la Kamina na Haut-Lomami kwa jumla, yamehakikiwa kwa njia mbili kuu. Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1966, aliyatumia kama kumbukumbu za historia. Luc de Heusch, mwaka 1972, aliyachambua kama visasili. Njia ya tatu, yaani kuyasoma kama tamthilia, bado haijapewa uzito unaostahili.

Mgogoro wake ni wa kitamthilia hasa. Nkongolo, mtawala mkatili na mlevi, hula mbele ya watu bila haya. Mbidi Kiluwe, mwindaji wa ukoo wa kifalme kutoka mashariki, hujificha alapo. Mwenyeji anaucheka ustaarabu wa mgeni. Mgeni anaondoka, akimwacha Bulanda, dada yake Nkongolo, na mimba. Mtoto anayezaliwa, Kalala Ilunga, anakulia kwa mjomba wake. Mjomba anamtegea shimo mahali pa kuchezea ngoma, lakini mpiga ngoma anamwonya kwa mdundo. Kijana anakimbilia kwa baba yake, anarudi na jeshi, na Nkongolo anakatwa kichwa.

Theseus wa Wayunani naye alilelewa Troezen, kwa akina mama yake, kabla ya kumfuata baba yake Aegeus huko Athens. Plutarch, aliyeandika maisha yake, alikiri waziwazi kwamba hapo alikuwa amevuka mpaka wa historia ya kuaminika. Akiolojia nayo inatahadharisha vivyo hivyo kuhusu Waluba: machimbo ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyoanza mwaka 1957, yanaonyesha jamii iliyokua hapohapo kwa karne nyingi. Kwa hiyo ujio wa Mbidi hauthibitishi uvamizi wowote. Unajenga hoja kuhusu utawala halali.

Hoja hiyo ndiyo aliyoipandisha Sophocles jukwaani. Katika tamthilia yake ya mwisho, iliyochezwa mwaka 401 K.K., Theseus anampokea Oedipus, mfalme kipofu anayetangatanga, kwa kuwa yeye mwenyewe alikulia ugenini. Hata hivyo, sheria ya Pericles ya mwaka 451 K.K. ilitaka kila raia wa Athens awe na wazazi wote wawili wenyeji. Kwa sheria hiyo, Theseus mwenyewe, ambaye mama yake alikuwa wa Troezen, asingalikuwa raia. Watazamaji walimshangilia shujaa ambaye sheria yao ingemkataa.

Kalala Ilunga, ambaye baba yake alikuwa mgeni, yumo katika hali iyo hiyo. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai, wengi wao Waluba, walifukuzwa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, wakiitwa wageni. Treni zilizowarudisha Kasai zilipita Kamina, katika nchi ambayo masimulizi yake yanamsifu mgeni kuwa ndiye aliyeleta adabu ya ufalme.

Hapa ndipo uchambuzi wa De Heusch unapopungukiwa. Umezipanga vizuri tofauti za Nkongolo na Mbidi, lakini hauulizi hadhira inatakiwa kusimama upande gani. Wataalamu wa chama cha Mbudye, waliosimulia na kucheza huku wakiongozwa na lukasa, ubao wao wa kumbukumbu, walikuwa na hadhira mbele yao. Mhakiki asiyeihesabu hadhira hiyo amesoma nusu tu ya kazi.