Fundi wa Vespa na Kipimo Chake

Mji Mkongwe wa Zanzibar una njia nyingi ambazo gari haiingii, na hapo gari inaposhindwa ndipo vespa inapoanza kazi. Sokomuhogo, Kiponda, Hurumzi: kote huko boflo za asubuhi, mtungi wa gesi, mtoto anayewahi chuoni na bibi anayekwenda kutazama mgonjwa hupita juu ya magurudumu mawili madogo. Chombo chenyewe kilizaliwa Pontedera, Italia, mwaka 1946, katika kiwanda cha Piaggio, kwa ubunifu wa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta. Umbo lake limesifiwa vya kutosha. Ninaotaka kuwasifu mimi ni mafundi wanaoiweka hai injini yake ndogo, na hasa ujuzi wao mmoja ambao mpita njia hauoni: kujua nini kitiwe ndani ya tangi, kwa kiasi gani, na lini kisitiwe kitu chochote.

Vespa za zamani zina injini ya mapigo mawili. Giaboksi ina oili yake, lakini injini yenyewe haina. Oili huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha beringi za krenki, pistoni na ukuta wa silinda kabla ya kuungua na kutoka na moshi. Vespa za mwanzo zilihitaji oili asilimia 5. Zilizofuata zikateremka hadi asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya mafuta ni hiyo oili, kabla ya chupa yoyote ya dawa ya dukani, na ndiyo inayodai uangalifu kuliko zote. Ikipungua, pistoni inashika na silinda inakwaruzika. Ikizidi, watu wengi hudhani hapana madhara isipokuwa moshi. Fundi anajua zaidi. Jeti, kile kijishaba chenye tundu kinachopimia mafuta ndani ya kabureta, hupitisha ujazo uleule wa mchanganyiko, na nafasi iliyochukuliwa na oili ya ziada ni nafasi ya petroli. Petroli imepungua, hewa haikupungua, basi injini inachemka zaidi, na huku masizi yanaganda kwenye tundu la kutolea moshi. Mwenye chombo aliyemimina kwa huruma ameidhuru injini yake mara mbili.

Kisiwani kwetu upo mtego mwengine. Mashine za boti nazo nyingi ni za mapigo mawili, na oili yao imejaa madukani. Anayeishi karibu na diko huona oili ni oili tu. Lakini mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari, na oili yake, ile yenye alama ya TC-W3, imetengenezwa kwa injini isiyopata joto kali. Vespa hupozwa kwa upepo wa feni peke yake, ndani ya kifuniko cha bati, katika kichochoro ambacho chombo hutambaa kwa gia ya kwanza na jua limesimama utosini. Inataka oili ya kustahimili joto hilo, yenye alama ya JASO FC au FD. Fundi anayegeuza kopo na kusoma maandishi ya nyuma kabla ya kumimina hata tone ameshafanya nusu ya kazi yake.

Sasa tuje kwenye chupa zenyewe, zile ndogo za kusafishia njia ya mafuta. Zina kazi ya kweli, wala sikubaliani na wanaoziita ulaghai mtupu. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta, sehemu zake nyepesi huruka, na zilizobaki huungana na hewa zikawa ulimbo wa rangi ya kahawia. Ulimbo huo huziba jeti. Jeti ndogo ya kabureta ya Dell'Orto yenye namba 48 ina tundu la sehemu 48 kati ya mia za milimita, yaani pungufu ya nusu milimita, na utando usioonekana kwa jicho unatosha kuifanya vespa izime kila unapoachia mafuta. Hapo dawa ina nafasi yake. Zilizo bora zina polieteramini, kemikali inayonasa uchafu na kuubeba hadi kwenye moto. Zile zenye spiriti hufunga maji kidogo yanayojikusanya tangini, na wakati wa masika, kwa unyevu wa bahari ulivyo hapa, maji hayo hayakosekani katika tangi lililoachwa nusu.

Lakini utando mwembamba ni kitu kimoja, na jeti iliyoziba kabisa ni kitu kingine, maana dawa haifiki pasipopita mafuta. Hapo lazima kabureta ifunguliwe. Fundi huitoa jeti, huiloweka, huipuliza kwa upepo, huinyanyua mbele ya mwanga na kuangalia kama tundu ni duara safi. Hatii sindano wala waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, na mkwaruzo mmoja hugeuza 48 kuwa 50 na ushei, na tangu siku hiyo namba iliyochongwa juu yake inasema uongo. Uzi mwembamba wa mshipi hupita bila ya kuikwaruza. Mikono mikubwa iliyojaa grisi, ikishika kijishaba kidogo kuliko punje ya hindi kwa uangalifu kama huo, mimi hunipa heshima ya kazi kuliko mashine yoyote mpya.

Na mara nyingi ubora wa fundi huonekana katika kukataa.

"Shikamoo, fundi. Vespa haivuti, nitie dawa?"

"Marahaba, mwanangu. Tufungue plagi kwanza tuione."

Plagi inatoa ushahidi. Ikiwa hudhurungi, moto unaungua sawa. Ikiwa nyeusi na imelowa, pengine oili imezidi. Ikiwa nyeupe, injini inapata hewa nyingi, na pengine sili ya krenki imekufa na hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Kama sili iliyokufa ni ile ya upande wa klachi, injini hufyonza oili ya giaboksi na kuichoma. Moshi unatanda mtaa mzima, na ile robo lita iliyomo humo hupungua bila ya kuonekana ikivuja chini. Hapana chupa duniani inayoponya sili. Wala masizi magumu ya eksozi hayaondoki kwa dawa ya tangini. Eksozi inafunguliwa, inapelekwa uwanjani, inachomwa na kugongwa. Fundi anayeweza kuuza chupa na badala yake akasema haitasaidia, amejinyima faida ya papo kwa papo kwa ajili ya ukweli wa kazi yake. Huyo ndiye wa kumshika.

Kipimo hiki cha nini kitiwe tangini hakimhusu mwenye chombo peke yake. Katika injini ya mapigo mawili, sehemu ya mchanganyiko mbichi hutoka na moshi bila ya kuungua, na katika Mji Mkongwe moshi hauna pa kwenda. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, na barazani wamekaa watu. Kinachotiwa tangini kitapita mbele ya pua za majirani. Dunia ililijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi Marekani katika kampuni ya General Motors, aligundua kwamba kiungo cha madini ya risasi kikitiwa kidogo ndani ya petroli huzuia injini kugonga. Kikauzwa kuanzia 1923, na mwaka uliofuata baadhi ya wafanyakazi waliokitengeneza walikufa kwa sumu yake. Hata hivyo kiliendelea kutiwa, kikaharibu akili za watoto wa vizazi kadhaa. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kukiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 zilikuwa zimeachana nacho. Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Dawa ile ilifanya kazi yake ndani ya injini vizuri sana. Aliyeipima alisahau kuwapima waliosimama nje.

Kinga bora dhidi ya ulimbo nayo hainunuliwi. Anayeondoka kwenda Pemba au Dar es Salaam kwa muda mrefu afunge koki ya mafuta na kuiacha injini inywe kilichomo ndani ya kabureta mpaka izime. Ulimbo haupati cha kuganda.

Sasa skuta za mapigo manne zimeingia. Hizo zina valvu, na nyingine zina nozeli badala ya kabureta. Humo dawa ya kusafisha ina kazi pana kuliko iliyokuwa nayo ndani ya vespa ya zamani, kwa sababu nozeli haichunguliwi wala haipulizwi kirahisi kama jeti. Kijana anayejifunza ufundi leo atahitaji chupa hizo zaidi kuliko mwalimu wake. Ningependa aanzie kwa mwalimu huyo, kwenye plagi na jeti, ili atakapofungua chupa awe anajua ni uchafu gani anautafuta.