Kupima Injini kwa Chupa na Saa

Anayekwenda kununua injini ya mashine ya kusaga au ya jenereta huuliza kwanza nguvu za farasi. Muuzaji humwonyesha kibandiko ubavuni, bei inatajwa, na mazungumzo yameisha. Mimi siku hizi kibandiko nakisoma mwisho. Farasi hukuambia injini inaweza kufanya kazi nyingi kiasi gani kwa muda fulani. Hawakuambii inakula nini ili kuifanya, na anayenunua dizeli kila asubuhi anajua kwamba hapo ndipo faida inapopotelea.

Tuanze na mfano wa Lister CS, dizeli ya silinda moja iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, ambayo wasagaji wengi wa Afrika Mashariki waliijua kwa mlio wake wa polepole uliosikika kijiji kizima. Silinda yake ina ujazo wa lita 1.43, nayo ilitoa farasi 6 kwa mizunguko 650 kwa dakika. Pikipiki ya bodaboda ya cc 150 hutoa farasi wapatao 12, lakini kwa mizunguko kama 7,500. Ukigawa farasi kwa lita, pikipiki inaishinda Lister karibu mara 19. Wengi huishia hapo na kusema injini ya zamani ni chuma tu.

Ngoja kwanza. Kuna kipimo kinachoondoa mbio na ukubwa, kikabakiza kile ambacho kila pigo la pistoni linafanya: shinikizo la wastani ndani ya silinda. Kwa injini ya mapigo manne, zidisha kilowati kwa 120,000, kisha gawanya kwa lita na kwa mizunguko ya dakika. Jibu ni kilopaskali. Farasi 6 ni kilowati 4.47, hivyo Lister inapata kama 576. Pikipiki inapata karibu 950. Tofauti ya mara 19 imeshuka na haifiki hata mara mbili. Iliyobaki yote ni mbio, na mbio hulipiwa kwa ringi, bearingi na oili. Pistoni ya Lister husafiri kama mita 3 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Ndiyo maana ilidumu.

Lakini kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote ni gramu za mafuta kwa kila kilowati-saa ya kazi, ambazo unaweza pia kuzigeuza kuwa ufanisi, yaani asilimia ya joto la mafuta linalogeuka kazi. Mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima injini ya Rudolf Diesel kule Augsburg, Ujerumani, akaona inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku hizo zilikuwa mbali chini yake. Leo injini kubwa za meli, zinazozunguka mara mia hivi kwa dakika, zimevuka asilimia 50. Dizeli ndogo ya silinda moja iliyo nzima ningeitarajia kati ya 28 na 33.

Kipimo hiki unaweza kukifanya uani, bila maabara. Unahitaji jenereta, chupa inayoonyesha ndani yenye alama mbili zinazopishana kwa nusu lita, saa, kipima volti, na hita za umeme. Zitumie hita hasa, kwa sababu mota hupanda na kushuka na birika hujizima. Iache injini ipate moto dakika 20. Unganisha mrija wa dizeli kwenye chupa, na usisahau mrija wa marejesho unaotoka kwenye nozeli: nao urudi kwenye chupa ileile, la sivyo utaisingizia injini ulaji ambao si wake. Kisha washa hita na uhesabu muda.

Tuseme mzigo ni kilowati 3, na nusu lita imeisha kwa dakika 25. Hiyo ni lita 1.2 kwa saa, na kwa kuwa lita ya dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84, ni kilo 1.01. Dinamo nayo hupoteza. Ukikadiria inapitisha asilimia 85, injini yenyewe ilikuwa ikitoa kilowati 3.53. Gawanya: gramu 286 kwa kilowati-saa. Kilo moja ya dizeli ina megajuli 43 hivi, kwa hiyo ufanisi ni asilimia 29. Injini nzuri. Rudia mara tatu. Majibu yakitofautiana sana, kosa liko kwenye upimaji wako.

Hapa pana mtego. Hita iliyoandikwa wati 1,000 kwa volti 230 haitoi wati 1,000 volti zikishuka hadi 210. Hutoa kama 834 tu, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Asiyeangalia volti ataisifu injini inayolegea chini ya mzigo.

Pima pia kwenye mzigo utakaoutumia kweli. Dizeli nyingi hula vizuri zaidi zikibeba robo tatu ya uwezo wake. Jenereta ya kilowati 20 inayowasha taa na friji mbili ni hasara: sehemu kubwa ya mafuta huishia kuizungusha yenyewe, na masizi hujaa kwenye nozeli na ekzosi.

Kimo cha mahali ni jambo jingine wauzaji wasilolitaja. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Iliyotoa farasi 10 Tanga itatoa 8 na kidogo Mbeya, kwenye mita kama 1,700. Fundi akiilazimisha kwa kuongeza dizeli kwenye pampu, utapata moshi mweusi, kwani hewa ya kuichoma haipo.

Moshi usome kabla ya hesabu. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyowaka au maji yanayopita kwenye gaskiti. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwaka: ikipuliza kwa nguvu, ringi zimekwisha. Niliwahi kununua injini kwa sababu ya rangi yake mpya na maneno kwamba imefunguliwa na kufungwa upya. Kifuniko cha oili sikukigusa. Baada ya mwezi niliipima kwa chupa, nikapata gramu 400.

Tofauti ya gramu 400 na 286, kwa mzigo huo wa kilowati 3.53, saa 8 kwa siku na siku 300 kwa mwaka, ni lita zaidi ya 1,100 za dizeli. Zidisha kwa bei ya kituo kilicho karibu nawe, kisha ulinganishe na punguzo unaloahidiwa. Kwangu, injini ndogo ya dizeli inayopita gramu 350 ikiwa na mzigo wake wa kawaida haifai kununuliwa, hata kwa nusu bei. Nakuomba usitoe pesa kabla hujaiona nusu lita ikiisha mbele ya macho yako.