Gari Juu ya Mawe

Kwetu Tanga, gari likishawekwa juu ya mawe watu huacha kuliulizia. Mwenyewe atasema anasubiri spea, majirani wataitikia kwa adabu, na kila mtu anajua kwamba safari zake zimekwisha. Kuku watataga chini yake. Watoto watashika usukani na kwenda Mombasa siku nzima bila kutoka uani. Hata mtu aliyeishiwa tunasema yuko juu ya mawe. Ndiyo maana mwaka wangu wa kwanza Minnesota, nilipoingia gereji ya nyumbani kwa mzee mmoja wa St. Paul nikalikuta gari zuri kuliko yote niliyowahi kuyagusa limenyanyuliwa juu ya stendi nne za chuma, nilimpa pole.

Mzee hakuelewa pole ilikuwa ya nini. Gari lilikuwa zima. Alikuwa analilaza.

Lilikuwa Datsun 240Z la 1972, rangi ya chungwa, boneti ndefu, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Jina hilo sikulijulia Marekani. Kwetu wazee waliokuwa wakingojea Safari Rally kila Pasaka walilitaja kama watu wanavyotaja mchezaji wa zamani wa timu yao. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda ndani ya 240Z. Mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa ndani ya Datsun ya aina nyingine. Matope ya masika, mashimo, mawe na vumbi, yote yalipita chini ya tumbo la gari hili na bado likafika.

Lakini Minnesota linauawa na chumvi. Theluji ikianguka, malori ya manispaa hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani, kwa sababu maji yenye chumvi huchelewa kuganda. Chumvi hiyo hiyo ikishalowa hurukia madigadi, ikajificha kwenye mikunjo ya bati chini ya sakafu, na kuanza kazi. Kutu, ukiitazama kwa karibu, ni kazi ya umeme mdogo sana unaopita kwenye unyevu, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu. Bati la Datsun za wakati ule lilikuwa jembamba. Waliozipenda wanajua zinaanzia kuoza wapi: chini ya betri, sakafuni, na pale mbele ya gurudumu la nyuma ambapo maji huingia yakakosa njia ya kutokea. Kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Aprili gari kama hili halitoki. Linalala, na kulaza gari ni ufundi kamili. Mimi niliyekulia mikononi mwa mafundi wa gereji ya uswahilini sikuwa nimewahi kuuona.

Oktoba iliyofuata akaniita nimsaidie. Nilidhani tutaanza na injini. Tulianza na ndoo.

Alilala chini kwenye kipande cha boksi, mtu wa miaka 70 na ushee, akapitisha kidole katika kila tundu la kutolea maji chini ya milango. Matundu hayo ni madogo kama punje ya mtama. Likiziba moja kwa jani bovu, mlango unageuka mtungi. Tuliosha kwanza chini, ndipo juu, kinyume kabisa na waosha magari wote niliowahi kuwajua. Kisha akanipa funguo, akasema twende tukalikaushe. Tulikwenda kilomita 30 hivi siku ile ya jua kavu, kwa sababu maji yaliyojificha kwenye dramu za breki hayafikiwi na kitambaa. Yanatolewa na joto la breki zenyewe na upepo wa mwendo. Tuliporudi, ndipo akapaka nta, taratibu, paneli moja moja.

Njiani tulijaza tangi. Hapo nilibisha. Kwa akili yangu, gari la kulala lilale na tangi tupu, nani aache petroli iharibike? Akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo nimelieleza watu wengi. Tangi lenye nafasi lina hewa, na hewa ina mvuke. Usiku wa baridi mvuke huo unageuka matone kwenye kuta za tangi, matone yanashuka, na kutu inaanza ndani mahali pasipoonekana kabisa. Tena petroli ya kawaida ya Marekani huchanganywa na ethanoli, mara nyingi asilimia 10, na ethanoli inapenda maji. Huyanywa kidogo kidogo, na yakizidi kiasi chake hujitenga na petroli, ikashuka nayo pamoja hadi chini ya tangi, pale pale mdomo wa bomba unapofyonzea. Kwa ajili hiyo alitafuta kituo kinachouza petroli isiyo na ethanoli, ambayo Minnesota inaruhusiwa kwa magari ya kumbukumbu, mashua na mashine ndogo ndogo. Akatia na dawa ya kuzuia petroli isichache. Baada ya dawa, lazima injini iungurume dakika kadhaa ili mafuta yaliyotiwa dawa yafike mpaka ndani ya kabureta zote mbili. Usipofanya hivyo umelitibu tangi ukaacha koo. Petroli ya zamani ikikaukia kwenye vijitundu vya kabureta huacha ulimbo, na ulimbo huo nimewahi kuukwangua kwa saa nyingi kwenye magari ya watu wengine.

Oili tulimwaga ikiwa bado ya moto. Ilikuwa haijafikisha hata nusu ya safari zake, lakini oili iliyotumika imebeba asidi na maji ya moto wa injini, na miezi mitano ni mingi kuziacha bearingi zikiwa zimeloweka humo. Maji ya rejeta aliyapima kwa kipimo chake cha kioo. Yakichanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, yanahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bloku ya chuma cha kusubu haina pa kukimbilia.

Nilikuwa nimeshika tochi wakati anapima, nikaona kitu kilichonitofautisha naye. Mimi nimefundishwa kuponya. Mtu analeta gari lenye mlio, anaondoka bila mlio, anashukuru, analipa. Kazi yangu ina ushahidi. Ya mzee haina. Akiifanya vizuri, hakuna kitakachotokea: bloku haitapasuka, kutu haitatoboa, hakuna atakayekuja kutazama mahali ambapo shimo halikutokea. Anailalia chini kazi ambayo hata yeye mwenyewe hataiona ikifaulu. Naiheshimu kuliko kazi yoyote ya spana niliyowahi kuifanya, na nasema hivi nikiwa fundi wa miaka 20.

Ningesema ni ngeni kwangu kabisa, lakini si kweli. Utotoni nimeona jahazi likilazwa ubavu ufukweni maji yakitoka, watu wakikwangua chaza, wakipaka shahamu na chokaa sehemu za chini kabla bamvua halijarudi. Mbao za juu zilipakwa sifa, ile harufu ya papa ikabaki mikononi mwetu hata tukila. Hakuna nahodha aliyeona ajabu kuhudumia chombo kisichovuja. Tulijua hilo kwa mbao. Sijui kwa nini tulipopata chuma tukaanza kungoja kiharibike.

Kuhusu stendi, basi: tairi likibeba uzito mahali pamoja miezi mitano, tena kwenye baridi, huweka bapa, na gari likiamka linadunda kama mkokoteni. Hazikuwekwa chini ya bodi. Ziliwekwa chini ya mikono ya magurudumu, ili springi zibaki zimebeba mzigo wao wa kila siku. Hendibreki ilifunguliwa, maana brekishuu zilizobana dramu miezi yote hiyo zinaweza kugandana nazo kwa kutu. Betri ikatolewa na kupelekwa chini ya nyumba kwenye chaja ndogo inayoitazama na kuiongezea pale tu inapopungua. Betri iliyojaa, yenye volti 12.6 hivi, inavumilia baridi ya Minnesota. Iliyokwisha, asidi yake imekaribia kuwa maji, nayo huganda mapema ikapasua boksi lake.

Halafu panya. Panya wa mashambani huingia nyumbani baridi ikianza, na gari lililotulia kwao ni nyumba ya bure: sponji ya viti, waya za kutafuna, bomba la eksozi la kulelea watoto. Tuliziba eksozi na mdomo wa kuingizia hewa kwa stiliwaya, ule wa kusugulia masufuria, kwa kuwa panya hawezi kuutafuna. Kwenye kila kizibo mzee alifunga utepe mwekundu unaoning'inia. Ndipo likafunikwa kwa shuka la pamba, si turubai la plastiki, kwa maana plastiki huzuia unyevu usitoke na gari likatota ndani ya nguo yake.

Kabla ya kufunika aliandika karatasi, akaifunga kwenye usukani. Kila kilichofanywa kilikuwa na mstari wake: vizibo viwili, betri iko wapi, upepo wa matairi umeongezwa kiasi gani, hendibreki imefunguliwa. Juu aliandika kwamba ni kwa yeyote atakayeliamsha. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu kwa ajili yake mwenyewe. Akanijibu kwamba Oktoba haijui Aprili itamkuta nani.

Januari, siku moja baridi ilipofika nyuzi 28 chini ya sifuri, nilimwuliza kama tusiliwashe kidogo, dakika tano tu, lipate damu. Alikataa, na sasa najua alikuwa sahihi. Kila lita ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Injini ikipata mwendo na joto, maji hayo hutoka kama mvuke. Ikizimwa kabla haijashika moto, yanabaki ndani ya eksozi na kwenye oili. Kuliwasha dakika tano ni kulimwagia yale maji tuliyotumia Oktoba nzima kuyatoa.

Aprili hiyo hakungoja theluji iyeyuke. Alingoja mvua, tena si moja, zioshe chumvi barabarani. Wakati huo alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa goti, hawezi kuinama. Akaketi kwenye kiti mlangoni mwa gereji, ile karatasi mkononi, akawa anaisoma mstari kwa mstari, nami nafanya. Shuka. Vizibo, utepe mmoja, utepe wa pili. Betri. Matairi. Stendi, moja moja, mpaka gari likakanyaga sakafu na springi zikapumua. Ulibaki mstari mmoja: chomoa waya wa koili, zungusha injini bila moto, tazama geji.

Nilizungusha. Mara ya kwanza sindano ya oili haikusogea. Nikapumzisha starta, nikazungusha tena. Ikatikisika, ikaanza kupanda. Nilimwambia inapanda. Akaweka alama kwenye mstari wa mwisho, akainua mkono kunionyesha koili: nirudishe waya.