Jicho la Mpigaji

Besiboli ya Uganda imesifiwa kwa mikono. Los Angeles Dodgers waliposajili vijana wawili wa nchi hii mwaka 2022, Ben Serunkuma na Umar Male, wote wawili walikuwa warushaji. Na mtoto wa Kampala akiupiga mpira ukapaa juu ya vichwa vya walinzi, uwanja mzima hulipuka kwa shangwe. Mimi namsifu yule anayeiacha mipira minne mibovu ipite, gongo likiwa begani, kisha akajiendea zake kituo cha kwanza bila kupiga: hicho ndicho kituo cha bure.

Wengi husema huyo kabahatika. Sikubaliani nao hata kidogo. Kibao anachokilinda kina upana wa sentimita 43, na eneo halali linaanzia magotini hadi kifuani; nje ya hapo mpira ni mbovu. Kwa watu wazima, mpira hurushwa kutoka mita 18 na ushei, ukafika kabla ya nusu sekunde kutimia. Katika kufumba na kufumbua huko ajue utaangukia wapi, tena auzuie mwili ambao tayari umeanza kujirusha. Ni kama mnunuzi hodari wa soko la Owino: shati analitamani, lakini bei isipokuwa yake, anaondoka.

Bingwa wangu ni Eddie Yost wa Washington Senators. Msimu wa 1956 alipiga mipira salama 119, lakini kituo cha bure alipewa mara 151! Wastani wake wa kupiga ulikuwa .231, na kocha mwenye pupa angemweka benchi kwa namba hiyo. Hata hivyo, katika kila nafasi 100 alifika kituoni mara 41. Wamarekani wakambandika jina la Mtembeaji. Miaka 65 baadaye, katika jiji hilohilo, Juan Soto wa Washington Nationals alipata vituo vya bure 145 akiwa na miaka 22, huku akitolewa kwa straiki mara 93 tu. Soto ana nguvu za kutisha, na warushaji walimkwepa. Yost hakuwa tishio la namna hiyo. Alichokuwa nacho ni jicho, na ndiyo maana nampa nafasi ya kwanza.

Ufundi huu unawafaa watoto wetu kuliko hata hao wakubwa. Katika mashindano ya watoto ya Little League, mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku. Kila mpira mbovu unaoachwa upite unampunguzia akiba, na mrushaji wao bora akishatoka, mchezo unageuka. Watoto wa Uganda wameshaonyesha kwamba hawaendi Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za Little League, kutalii: timu ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo, mwaka 2012, na mwaka 2015 Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika, nchi ya Soto, 4-1.

Kwa hiyo, makocha wa Kampala, Lugazi na Mpigi, nawaomba jambo moja. Katika daftari la mchezo, vituo vya bure viwekeeni safu yake, mvisome kwa sauti mbele ya timu nzima kama mnavyosoma mipira iliyopigwa, na mtoto aliyepata vingi mpigieni makofi.