Mofa Kwanza, Kumimina Baadaye

Unga wa ngano una huruma. Ukiukanda unashikana, unavutika, na ukikosea kidogo unakusamehe. Wa mtama hauna gluteni, kwa hiyo tonge lake halina cha kujishikia isipokuwa maji na mkono wa anayelikanda. Na mofa, mkate huu wa mtama tunaougombea kila Ramadhani, hauokwi umelala kwenye sinia. Hubandikwa kwenye ukuta wa tanuri, wima, juu ya moto. Nimeula tangu utotoni bila kulishangaa hilo. Mwanangu wa miaka minne alilishangaa papo hapo: "Mbona hauanguki?"

Tulikuwa kusini Unguja, mbele kidogo ya Kitogani, katika shamba la familia moja inayooka mikate na kuwalisha wapita njia chakula cha mchana. Ardhi ya huko ni ya maweni, udongo kiduchu kati ya mawe ya matumbawe. Mpunga haupati pa kusimama, ila mtama unavumilia. Ngano ya boflo letu la kila asubuhi huja kwa meli. Huu mtama unatoka nyuma ya nyumba, pamoja na nazi, ndizi na mihogo. Bibi ndiye mwenye tanuri. Mwanawe wa kiume anapasua kuni na kukwea minazi, mkwewe anashika unga na tui, na mjukuu aliyemaliza skuli juzijuzi anapokea pesa. Sikusikia mmoja akimwambia mwenzake la kufanya.

Jambo la kwanza alilofanya bibi baada ya salamu ni kuchora mstari wa majivu mbele ya tanuri. "Hapa ndipo mlango wangu," akamwambia mwanangu. "Ukivuka bila hodi, huli mofa." Mtoto ambaye mimi nikimkataza jambo hulifanya mara mbili alikaa nyuma ya mstari ule mchana mzima, akipiga hodi kila baada ya dakika.

Tanuri lenyewe ni la udongo, limezungushiwa baraza ya mawe, mdomo juu na tundu la hewa chini. Asubuhi hujazwa makumbi na vifuu, kisha kuni nene. Mwanzo ni moshi mtupu, na ukuta wa ndani unakuwa mweusi tii kwa masizi. Mimi ningebandika zamani, maana ukisogeza mkono malaika zinaungua. Bibi hata hainuki. Anangoja masizi yenyewe yaungue na ukuta urudi rangi yake ya udongo, kuanzia chini kupanda juu. Weupe ukikaribia mdomoni, anachovya vidole katika bakuli la maji, anarusha, anasikiliza. Yakilia kwa muda, bado. Yakitoweka kwa mlio mmoja mfupi, anaita: "Lete, mwanangu."

Mkwewe keshamaliza kazi ngumu tangu alfajiri. Sehemu ya unga huimwagia maji yanayochemka, wanga ukavimba na kunata. Kisha huongeza unga uliobaki, chumvi na hamira, akauacha uumuke. Ule mnato ndio unaoshika nafasi ya gluteni. Ukizidi, mkate unakuwa mzito tumboni. Ukipungua, tonge linapasuka kingo hata kabla ya kufika tanurini. Nilimuuliza kipimo. Akanionyesha kiganja chake, akakifunga na kukifungua, akaendelea na kazi.

Bibi anachukua tonge, analibapaza kati ya viganja viwili, analipaka maji mgongoni, anainama. Mkono unaingia, unabandika, unatoka, na macho yanachowahi kuona ni kutoka tu. Wala haangalii anapobandika. Anaangalia alipobandika kabla. Anazunguka hivyo hadi ukuta umejaa, kisha anafunika kwa bati.

Jibu la mwanangu alilitoa bibi kwa vitendo. Alimpa kitonge, akamwambia akibandike kwenye ukuta wa baraza, upande wa nje. Kikaanguka. Akakibandika tena, kikaanguka na vumbi. "Ukuta wako baridi, mjukuu wangu," akasema. "Huu wangu unaung'ang'ania mkate kwa sababu unauunguza." Na ndivyo ilivyo. Unga mbichi ukigusa ukuta wa moto, wanga wake unaiva mara moja na kushika. Lakini mgongo ukikauka, ule mshiko unalegea, na mkate unaachia wenyewe. Kati ya kuiva na kuangukia kwenye makaa pana nafasi ndogo sana, na ufundi wote wa bibi, kwa maoni yangu, umo humo. Kijichuma chake chenye ncha iliyopindwa kiliwahi kila mkate. Wasomali wa kusini nao hubandika muufo wao wa mahindi kwa namna hii, na sina shaka bibi zao wana vijichuma vyao.

Tulikula kwenye mkeka. Mofa ya moto ina ganda linalovunjika na nyama ya ndani yenye uchachu wa mbali. Unaimega, unaichovya katika supu ya pweza iliyotiwa ndimu na pilipili. Pweza alitoka pwani ya Makunduchi, kazi ya kinamama wanaoshuka na vijiti maji yakitoka. Mwanangu alimtazama pweza, pweza akamtazama, wakakubaliana kuachana. Alikula mofa tatu kavu.

Watu wengi huondoka hapo, nao wanakosa nusu ya karamu. Moto wa mofa ukishapungua hauachwi upotee. Mwana wa bibi anayachota makaa na kuyahamishia kwenye jiko la chini, na hapo zamu inakuwa ya mkwe, kwa mkate wa kumimina. Mchele umelala majini usiku kucha, umesagwa na tui na hamira, umeumuka. Sukari, iliki na ute wa yai huingia mwishoni, kwa kukoroga taratibu, maana ukikoroga kwa nguvu unaitoa ile hewa uliyoingoja. Sufuria inapakwa mafuta, rojo inamiminwa, na inaachwa wazi. Makaa ya juu yanasubiri pembeni, kwenye kifuniko.

Nilitamani kumwambia afunike. Mwanangu alimwambia kweli. Mkwe anangoja vitundu. Kimoja kinatokea pembeni, kinapasuka, halafu vingine vinakaribia katikati, hadi uso mzima umejaa vitundu na rojo imeanza kushika. Moto wa juu ukiwahi, uso unaganda, hewa inanaswa chini, na unapata keki ya mchele, tena isiyopendeza. Ukichelewa, chini kunaungua. Aliweka kifuniko, akapunguza makaa mawili kwa koleo, akarudisha moja. Nani angeweza kuniambia kwa nini lile moja lilihitajika? Dakika chache baadaye mkate ulitoka na rangi ya asali juu na chini, na ulipokatwa vitundu vilisimama wima kutoka chini hadi juu.

Majivu yaliyobaki tanurini yalifukiwa viazi vitamu vya chakula cha usiku cha familia. Hivyo haviuzwi.

Niliomba ninunue mkate mzima wa kuchukua mjini. Mjukuu akafungua daftari, akateremsha kidole kwenye orodha ya waliokwisha kuagiza, akafunga daftari. Vilibaki vipande viwili. Mwanangu alipiga hodi kwenye mstari wa majivu, akaruhusiwa, akavipokea vyote.