Vikao Vinne: Ufundi wa Kumsikiliza Kijana

Kangari, huko Kigumo katika Kaunti ya Murang'a, ambako chai inapanda mteremko kuelekea msitu wa Aberdare, Jumamosi ya mwanafunzi wa shule ya kutwa huanza shambani. Anachuma majani mawili na chipukizi, anajaza kikapu, anawahi mizani kabla lori la kiwanda halijafika. Ukimwuliza hali, yuko sawa. Ukimwuliza tena, mikono yake ikiendelea kuchuma, huenda akasema kichwa kinamwuma, usingizi hauji, ana mawazo mengi. Kwa Kikuyu atakwambia ni meciria maingi. Neno sonona hatalitaja, wala hajioni mgonjwa. Kwake yeye, mgonjwa wa akili ni mtu aliyepelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Vijana wa aina hii si wachache. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2022, ulikuta asilimia 44 hivi walikuwa na tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Waliofikia kipimo cha ugonjwa kamili walikuwa kama asilimia 12. Tuitazame nafasi iliyo kati ya namba hizo mbili. Humo wamo watoto wengi wanaoumia ambao bado hawahitaji daktari bingwa, na hata wangemhitaji wasingempata upesi. Hao ndio kazi ya msaidizi: mtu asiye daktari, aliyefunzwa jambo dogo na kulijua vizuri.

Je, jambo hilo dogo linafaa kitu? Jibu bora tulilo nalo Kenya limetoka karibu, Nairobi na Kiambu, kaunti inayopakana na Murang'a. Ni mpango uitwao Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake. Jaribio lake kubwa lilichapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliozidi waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Sifa za mpango huo zimesemwa sana. Mimi nataka tuangalie ulivyojengwa.

Kwanza, walioongoza vikao. Hawakuwa wauguzi wala walimu. Walikuwa vijana waliotoka sekondari juzi tu, wakapewa mafunzo ya saa 10 kwa jumla. Wengi wakisikia hapo hushtuka: saa 10 zinatosha nini? Hazitoshi kumtibu mtu. Zinatosha kumfundisha kijana kufuata mwongozo ulioandikwa hatua kwa hatua, kuongoza mazungumzo ya wenzake wapatao kumi, na kujua ni wakati gani amwite msimamizi. Elimu kubwa imewekwa ndani ya mwongozo na kwa wasimamizi walio nyuma yake. Kiongozi analeta kitu ambacho mwongozo hauwezi kukileta: umri wake. Mtoto wa kidato cha pili anapomsikia mtu aliyeketi dawati kama lake miaka mitatu iliyopita akisema yeye pia alianguka akainuka, haoni mahubiri. Anaona njia ambayo mtu ameipita.

Pili, yaliyomo. Vikao ni vinne, kimoja kwa wiki, saa moja kila kimoja. Viwili vya kwanza vinahusu imani kwamba mtu hubadilika: ubongo hukua, tabia hujengwa, hali ya leo si hukumu. Cha tatu ni shukrani, cha nne ni maadili ambayo kijana mwenyewe anayathamini. Kalamu hutumika sana. Mwanafunzi husoma kisa cha kijana aliyepita katika shida, kisha huandika yake, au humwandikia mwenzake mwenye tatizo kama hilo ushauri. Hapo pana ufundi. Anayeandika ushauri hulazimika kutafuta maneno ya matumaini, na maneno hayo yeye ndiye wa kwanza kuyasikia.

Ugonjwa haukuwekwa mbele katika kikao hata kimoja. Wahenga walituambia mficha maradhi kilio humfichua, na ni kweli, lakini katika vijiji vyetu anayefichua maradhi ya akili naye hulipa: watu humcheka, wazazi huogopa, jina hubaki. Shamiri haikumdai mtoto alipe bei hiyo kwanza. Ilimpa msaada kwa jina ambalo angeweza kulitaja nyumbani bila aibu.

Tatu, na hapa ndipo jaribio lilipojengwa kwa uangalifu zaidi, ni kundi la kulinganisha. Kundi la pili halikuachwa likae bure. Lilipata vikao vinne vya urefu uleule, na viongozi wa aina ileile, likifundishwa mbinu za kusoma. Kwa hiyo makundi yote mawili yalikaa saa nzima kila wiki na kijana mwema anayewajali. Lau tofauti ingekuwa ni huo wema peke yake, matokeo yangelingana. Hayakulingana. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri, na tofauti hiyo ilikuwepo bado walipopimwa miezi 7 baadaye. Wema ni lazima, lakini wema wenye mpango ulifika mbali zaidi.

Sasa tuurudishe ujuzi huu Kangari. Mlimani hapa tayari kuna watu wa kuubeba. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wanaotembea nyumba kwa nyumba na mabegi yenye mashine za kupima presha na sukari. Ni akina mama na akina baba wanaojulikana kwa majina, wanaojua nyumba ipi baba anakunywa na ipi mtoto ameacha shule. Hakuna mashine ndani ya begi inayopima huzuni. Huzuni hupimwa kwa maswali machache yaliyopangwa, kwa lugha ambayo mtoto anaisema, na kwa subira ya kungoja jibu.

Swali moja huwashinda wengi. Msaidizi huogopa kuuliza juu ya kujiua, akidhani atampandia mtoto wazo. Utafiti unaonyesha kuuliza waziwazi hakupandi wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mtoto mzigo wa kulibeba peke yake. Uliza kwa utulivu: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kisha nyamaza. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, waambie walezi wafungie dawa za kunyunyizia mboga, na umpeleke kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Ndiyo maana msaidizi haahidi siri kamili tangu mwanzo. Humwambia mtoto: tutakayosema ni yetu, ila nikisikia uhai uko hatarini, nitamwita mtu wa kutusaidia.

Zamani ushauri huo ulikuwa na mwiba. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na wazazi waliomnusuru mtoto wakaogopa kusema hospitalini kilichotokea. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kila msaidizi anapaswa kuujua uamuzi huo na kuwatangazia wazazi.

Linalobaki ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kukabidhi. Msaidizi akimwelekeza mtoto kwa kidole, "nenda zahanati", huenda mtoto asifike. Anayefika ni yule aliyesindikizwa, aliyetajwa kwa jina kwa muuguzi anayemngoja, na aliyeulizwa wiki iliyofuata kama alihudumiwa. Ikibidi kushuka hadi hospitali ya kaunti mjini Murang'a, pawe na mtu anayejua nani ameshuka na lini amerudi.

Watu wa Kangari hawahitaji kufundishwa kazi hiyo upya. Jani la chai lililochumwa asubuhi hupimwa kituoni, huandikwa, hupakiwa, na hufika kiwandani siku hiyohiyo, kwa sababu kila mkono unaolipokea unajua likicheleweshwa linaharibika. Mkulima hurudi nyumbani na risiti yake. Mtoto anayesema hapati usingizi naye apokelewe hivyo: mkono mmoja usimwachie kabla mwingine haujamshika, na jina lake liandikwe kila anapopita.