Macho mengi si hoja, programu huria zahitaji mwenye kuwajibika

IPO imani iliyokita mizizi miongoni mwa waundaji wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Wanaamini kwamba wasomaji wa msimbo wakiwa wengi, hakuna hitilafu itakayojificha kwa muda mrefu. Mmarekani Eric Raymond aliieneza imani hii katika kitabu chake cha 1999, The Cathedral and the Bazaar, akaipa jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux.

Kasoro ya hoja hii ni kwamba inachanganya ruhusa ya kutazama na kazi ya kutazama. Mlango kuwa wazi si sawa na kuwa na mtu anayeingia kufagia.

Hebu tuitazame OpenSSL, programu huria inayolinda nywila na siri nyingine zinaposafiri mtandaoni. Toleo lililotoka Machi 2012 lilikuwa na hitilafu iliyokuja kuitwa Heartbleed. Tarakilishi moja ilikuwa ikituma neno na kuomba irudishiwe neno lilo hilo, huku ikitaja urefu wake. Ikituma neno la herufi tano na kudai ni la maelfu ya herufi, iliyoombwa haikuhesabu. Ilirudisha zile tano, kisha ikaendelea kumwaga chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu yake, siri za watu zikiwemo.

Hitilafu hiyo ilikaa peupe kwa zaidi ya miaka miwili, hadi ilipotangazwa Aprili 2014. Sehemu kubwa ya mtandao duniani iliitegemea OpenSSL, lakini mradi wenyewe ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Kila mtu alidhani mwenzake anatazama. Penye wengi pana mengi, ndiyo, ila hapa hapakuwa hata na watu wachache waliolipwa kuketi na kukagua.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi: hesabu urefu kabla ya kujibu. Yalitolewa siku ile ile ya tangazo. Hata hivyo, miezi kadhaa baadaye maelfu ya tarakilishi zilikuwa bado zinatumia toleo bovu kwa kuwa wenyewe hawakusasisha. Kumbe kuziba ufa si kuandika msimbo mpya tu. Hitilafu haijaisha mpaka marekebisho yamfikie mtumiaji wa mwisho, na mpaka pawe na jaribio litakalopiga kelele iwapo itarudi katika toleo lijalo.

Huenda msomaji akauliza, haya yanamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yananihusu sana. Zipo hitilafu ambazo mhandisi hodari hawezi kuziona hata akikodoa macho, kwa sababu zimo katika lugha.

Kwa miaka mingi nimetumia programu moja huria ya kuandikia yenye kiolesura cha Kiswahili. Nikifuta kitu, huniambia "faili imefutwa." Vyema. Lakini pia huniambia "jedwali imefutwa", "kiungo imefutwa" na "ukurasa imefutwa." Mtafsiri hakuwa mjinga. Aliyeunda programu aliandika sentensi moja yenye pengo, kisha akawa anatia nomino yoyote ndani ya pengo hilo. Kwa Kiingereza kitenzi hakibadiliki, kwa hiyo majaribio yote yalifaulu. Kwa Kiswahili jedwali ni LI-YA, kiungo ni KI-VI, na kila ngeli inadai upatanisho wake. Hata gettext, zana inayotumika kutafsiri programu huria nyingi, humtaka mtafsiri ashughulikie umoja na wingi. Haimwulizi ngeli. Dawa ni kuandika sentensi kamili kwa kila nomino. Inachosha, lakini si ngumu.

Miradi mikubwa kama GNOME hufunga maneno ya kiolesura kabla ya toleo kutoka ili watafsiri wapate muda. Ni utaratibu mzuri, ila haumsaidii mtafsiri ambaye sentensi aliyopewa imekatwa vipande.

Kosa la namna hii katika mchezo wa simu linachekesha. Mifumo ya hospitali ni jambo jingine. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 na ulikulia kwetu Eldoret. Anayesoma maelezo ya dawa kwenye skrini hafai kubahatisha ni kipi kimefutwa na kipi kimebaki.

Mwaka jana nilikuwa nikiwachekesha wanafunzi wangu kwa ile "jedwali imefutwa" nilipokatizwa na binti mmoja aliyeketi nyuma. "Prof, na uliwaambia?" Sikuwa nimewaambia. Kwa zaidi ya miaka kumi nililifanya kosa hilo kichekesho cha darasani, na sikuwahi kuliandikia hata mstari mmoja kwa wenye kulirekebisha. Na mimi nilikuwa mmoja wa yale macho mengi!

Tulipojaribu kuandika ripoti, niligundua kwamba ni utanzu tusioufundisha. Ripoti nyingi za watumiaji husema tu "haifanyi kazi", na mtunza programu hawezi kulirekebisha neno hilo. Anataka kujua unatumia toleo gani, ulibonyeza nini na kwa mpangilio upi, ulitarajia nini, ukaona nini. Tunawafunza vijana insha za kumbukumbu za mikutano ambayo haikufanyika. Idara zetu zingeweza kuwapa zoezi la kuripoti hitilafu halisi, na kulitahini.

Tuliituma ripoti yetu. Baada ya siku nne mtunza programu alijibu kwa adabu, akauliza Kiswahili kina ngeli ngapi na orodha yake ataipata wapi. Wenzangu idarani bado tunabishana kuhusu idadi. Nimemtumia orodha ya nomino 43 zilizomo katika programu yake, kila moja na sentensi yake kamili.